Soya ya Malindi: jua, kivuli na taa ya usiku

Soya hupima urefu wa usiku kwa majani yake. Usiku ukiwa mrefu wa kutosha, hutoa maua. Malindi usiku ni mrefu mwaka mzima: mchana wa Desemba na ule wa Juni hupishana kwa muda usiofika nusu saa. Ndiyo maana mbegu iliyozoea mchana mrefu wa kiangazi cha Marekani ikipandwa Mambrui, jirani na Malindi, hutoa maua ingali fupi, haijafika magotini, na maganda yake ni ya kuhesabu. Mbolea haiponyi hilo.

Tafuta mbegu ya nchi za joto, kama SB19, iliyotokana na uzalishaji wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, kule Ibadan, Nigeria. Soya ya dukani ya kusaga chakula cha kuku usiifanye mbegu, maana asili yake haijulikani.

Tarehe ya kupanda huku huamuliwa na mvua. Masika yakishika, chora mistari ya sentimita 45, mbegu kila sentimita 10, kina cha 3 hadi 4. Mbegu ya maua ya mapema ibanie mistari hadi 30, kwa kuwa mimea mifupi haifuniki ardhi, na jua linaloangukia mchanga mtupu linalisha magugu tu.

Kivuli ndicho adui mkubwa wa mashamba ya pwani. Mnazi mmoja mmoja huvumilika. Mwembe au mkorosho haufai, kaa nje ya matawi yake. Shika shina la soya: likiwa jembamba, pingili ndefu, limelalia upande mmoja, linakimbilia jua. Kivuli cha wakati wa maua ndicho kibaya zaidi, kwani vitumba hukauka na kudondoka, ukiguswa mmea vinabaki kiganjani. Ukichanganya na mahindi, panda mistari 2 ya mahindi kwa 4 ya soya, ielekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipite katikati.

Halafu kuna taa ya ulinzi, ambayo watu huisahau. Mwanga wake hukatiza usiku, na soya huhesabu kuwa mchana umerefuka. Wakati wa mavuno utaona duara la mimea ya kijani chini ya nguzo, maganda machanga, huku shamba lililobaki limekauka. Geuzia taa ukutani, au eneo hilo panda mihogo.