Jinsi ya kuandaa jioni ya Lucia kwa wafanyabiashara wa Kiswidi na Kimarekani

Lucia, sikukuu ya mwanga ya Waswidi, husherehekewa Desemba 13. Tarehe hiyo ikiangukia wikendi, fanyeni hafla Alhamisi iliyotangulia. Kwaya itafuteni mapema, ikiwezekana Septemba, kwa sababu wiki hiyo jumuiya zote za Waswidi wa Minneapolis, Chicago na New York huwa zinahitaji waimbaji.

Ratiba inayofaa wageni 60: milango saa 11:30 jioni, hotuba saa 12:15, msafara wa Lucia saa 12:30, kisha vinywaji hadi saa 2:30 usiku. Hotuba itangulie msafara na isizidi dakika tano. Ukiiweka baadaye, utahutubia watu waliokwisha kushika vikombe na kuanza mazungumzo, na mazungumzo hayo ndiyo waliyoyajia. Waswidi hufika dakika ileile iliyoandikwa kwenye mwaliko, kwa hiyo saa 11:15 meza ya mapokezi iwe tayari.

Mapokezi ndipo penye aibu ndogondogo. Kwenye beji andika jina la kwanza kwa herufi kubwa, la ukoo na kampuni chini yake. Waswidi huitana kwa jina la kwanza hata kwa mkurugenzi. Herufi Å, Ä na Ö zichapwe na alama zake. Katika alfabeti ya Kiswidi herufi hizo huja baada ya Z, hivyo Öberg atatafuta beji yake mwisho wa meza ilhali Mmarekani aliyezipanga ameiweka kwenye O. Chagueni mpangilio mmoja na kila anayehudumu aujue.

Msafara: zima taa zote, kwaya ianze kuimba ikiwa bado nje ya mlango. Msichana anayeigiza Lucia hutangulia, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni, taji la mishumaa kichwani; nyuma yake wasichana wenye mshumaa mkononi na wavulana wenye kofia ndefu zilizochongoka na nyota kwenye fimbo. Kumbi nyingi hukataza moto, na taji la betri halina ubaya wowote. Mkiruhusiwa mishumaa halisi, weka kitambaa kilicholowa maji chini ya taji kuzuia nta, nywele zisipuliziwe dawa, na mtu mzima mwenye maji atembee kando.

Glögg ni mvinyo mwekundu wa moto wenye viungo ambavyo jiko la pwani linavijua vyema. Kwa kila chupa ya mililita 750, loweka vijiti viwili vya mdalasini, karafuu 10, kijiko kidogo cha iliki, kipande cha tangawizi kavu na ganda la chungwa ndani ya mililita 100 za vodka usiku kucha. Chuja, changanya na mvinyo na gramu 100 za sukari, pasha hadi nyuzi 70 hivi. Isichemke: kileo huchemka kwenye nyuzi 78. Kikombe ni kidogo, mililita 100, chenye lozi na zabibu kavu ndani. Chupa 16 zinatosha vikombe viwili kwa kila mgeni.

Mikate ya zafarani huliwa pamoja nayo. Nusu lita ya maziwa, siagi gramu 150, sukari gramu 150, chumvi kidogo, unga takribani kilo moja, zafarani gramu moja na pakiti mbili za hamira kavu hutoa kama mikate 30. Andaa mara tatu. Saga zafarani na sukari kidogo, uiloweke kwenye maziwa vuguvugu kabla ya kukanda, la sivyo utapata madoa badala ya rangi ya manjano. Viringisha kila mkate umbo la S, weka zabibu kavu kila mwisho, acha uumuke, oka nyuzi 225 (435 kwenye oveni ya Kimarekani) kwa dakika 6 hadi 8. Hukauka haraka sana. Ukioka mapema, igandishe mara tu inapopoa.

Jambo la mwisho ni umri. Baa za Uswidi huuza pombe kwa wenye miaka 18, Marekani ni 21, na wanakwaya wengi ni wanafunzi. Pika sufuria ya pili ya juisi ya zabibu kwa viungo vilevile, ila vichemshie kwenye juisi bila vodka, na utumie vikombe vya rangi nyingine.