Jinsi ya kuwashirikisha marafiki kitabu unachokisoma sasa

Watu wengi husubiri wamalize kitabu ndipo wawape wenzao habari zake, na kwa maoni yangu wakati huo wamekwisha kuchelewa. Kitabu kilichomalizika huzungumzwa kwa hukumu: kilikuwa kizuri, kilichosha, mwisho wake haukunipendeza. Kitabu ambacho bado kiko mkononi, kikiwa na kipande cha karatasi katikati, huzungumzwa kwa maswali, na rafiki akisikia swali hupata mlango wa kuingilia. Hapa Lubumbashi jambo hili lina uzito wake, kwa sababu mara nyingi nakala ni moja na wenye hamu ya kuisoma ni watano, na hakuna atakayejua kama nakala hiyo imelala Katuba au Ruashi mpaka aliye nayo aseme.

Unapoanza, taja mambo manne: jina la kitabu, jina la mwandishi, lugha kilichoandikiwa, na ukurasa uliofikia. Wengi hutaja mawili ya kwanza wakasahau mengine, ilhali hayo ndiyo yanayomsaidia msikilizaji kuamua. Mwenzako anayesoma Kifaransa kwa shida ana haki ya kujua mapema kama kitabu ni cha Kifaransa, ili akuombe umsimulie badala ya kukiazima na kukirudisha kwa aibu bila kukisoma. Nao ukurasa una kazi yake: ukisema umefika wa 64 katika kurasa 200, umemjulisha kwamba mwisho bado huujui wewe mwenyewe, na pia umempa makisio ya lini anaweza kuja kukichukua.

Kisha eleza mahali hadithi inapoanzia, eleza swali linalokusukuma kufungua ukurasa unaofuata, na unyamaze hapo. Tuchukue riwaya ya V. Y. Mudimbe iitwayo *Entre les eaux*, iliyotoka mwaka 1973. Mwandishi wake alizaliwa jirani yetu, Likasi, mwaka 1941. Yatosha kusema kwamba ni habari ya Pierre Landu, padri Mkongo anayejiunga na waasi, na kwamba unasoma ukijiuliza kama moyo wa mtu mmoja unaweza kubeba upadri na mapinduzi pamoja. Ukiendelea kueleza yatakayompata, unakuwa umemsomea mwenzako kitabu chote bila ridhaa yake. Kosa hilo nililifanya mimi. Jioni moja, mtaani Kamalondo, nilimsimulia mdogo wangu mmoja riwaya niliyokuwa nimeipenda mno, nikafika hadi kwa yule anayekufa na aliyemuua, kisha nikamwazima. Baada ya siku tatu aliirudisha, na kadi ya unite, ile ya kuongezea salio la simu, niliyokuwa naitumia kama alama ilikuwa bado mahali palepale nilipoiacha. Aliniambia tu, "Yaya (yaani mkubwa wangu), ulisha kunimalizia." Tangu siku hiyo mimi husimulia mwanzo peke yake.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kumsomea rafiki nusu ukurasa kwa sauti. Chagua kipande kinachosimama chenyewe, yaani kisichohitaji maelezo ya dakika kumi kabla ya kueleweka. Kisome mara mbili ukiwa peke yako, ili majina yasikukwaze ulimi. Kisha uwasomee wenzako kwa muda usiozidi dakika mbili au tatu. Saa nzuri kwa kazi hii ni ile ambayo umeme umekatika, wageni hawajaondoka, na simu zimeanza kuishiwa moto, kwa kuwa mwanga wa taa moja unatosha msomaji mmoja na wengine wote husikiliza. Kama kitabu ni cha Kifaransa, simulia kwanza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani habari inayotangulia kipande hicho, kisha soma maneno ya mwandishi kama alivyoyaandika. Usijaribu kutafsiri sentensi kwa sentensi huku unasoma, maana utapoteza mdundo wa lugha zote mbili.

Viko vitabu ambavyo bila sauti havifunguki kabisa, na kimojawapo kimetoka katika mji huu. Mwaka 1965 watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa wazungu waliandikisha historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa, kazi iliyoandikwa na André Yav na inayojulikana kwa jina la *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Iliandikwa bila kufuata tahajia ya shuleni, maneno yakiungana na kukatika mahali usipotarajia, hata anayeisoma kimyakimya hukwama kila mstari. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha pamoja na maelezo yake mwaka 1990, alihitaji mwenzake Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo maana ikajitokeza, kwa sababu waandishi waliandika kama walivyosema. Mtu akipata nakala ya maandishi hayo asikae nayo peke yake chumbani: awaite watu wawili watatu waliokulia mjini, amsomee hata mmoja wao aya moja, na ataona jinsi sikio linavyotambua neno ambalo jicho lilishindwa kulitambua. Vivyo hivyo *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2014: sentensi zake hujirudia na kuzunguka kama muziki, kwa hiyo muhtasari wake hauonyeshi chochote, lakini ukurasa mmoja uliosomwa vizuri humfanya msikilizaji aulize kama kitabu hicho kina mtu anayekingojea.

Kwa wakubwa kuna namna yake. Haifai kumwambia mzee kwamba lazima asome kitabu fulani, hata kama unakiona cha maana sana. Mwendee kwa ombi: "Baba, kuna kitabu ninachokisoma kinachoeleza maisha ya kambi za wafanyakazi wa migodi. Naomba unisikilize kidogo, uniambie kama ndivyo mlivyoishi." Mzee aliyefanya kazi miaka mingi Gécamines, kampuni ya migodi, au ambaye baba yake alikuwa wa Union Minière iliyoitangulia, atasahihisha mwandishi mahali alipokosea na kuongeza mambo ambayo hakuna aliyeyaandika, ikiwemo jinsi posho ya unga ilivyogawiwa na nani alisimama wapi kwenye mstari. Naye anaweza kuwa hasomi kabisa. Hilo halimwondoi katika mazungumzo. Nimeona mara nyingi kwamba yeye ndiye anayekuza kitabu kuliko sisi tuliokishika. Chukua kalamu, uandike aliyoyasema kwenye karatasi, uitie ndani ya kitabu penye ukurasa unaohusika, ili msomaji wa pili aikute.

Kuhusu simu nitasema machache. Picha ya jalada unayoiweka kwenye statuti ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na walioiona hawajui unataka nini kwao. Ni bora umtumie mtu mmoja unayemfahamu, ukiambatisha sentensi moja inayoeleza kwa nini umemfikiria yeye: kwamba aya hiyo inataja mtaa wa utotoni mwake, au kwamba mhusika ana ukaidi wa shangazi yenu. Sauti iliyorekodiwa ya dakika mbili hula mega chache kuliko video, na rafiki aliye safarini kuelekea Kasumbalesa anaweza kuisikiliza akiwa ndani ya gari. Picha ya aya moja haina ubaya, ila usitume kitabu kizima kilichonakiliwa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na waandishi wa Kongo wanaouza nakala chache ndio wanaoumia kwanza kazi yao ikizagaa bure katika makundi ya simu.

Mtu akivutiwa, atakiomba kitabu, na hapo ndipo marafiki wengi huanza kununiana. Uwe na daftari dogo lenye safu nne: jina la kitabu, jina la aliyekichukua, tarehe, na jina la anayemfuata. Mwonyeshe unapoandika, bila kuficha. Watu hawaoni vibaya kuandikwa, huona vibaya kudaiwa kitu wasichokumbuka walikichukua lini. Kivike kitabu karatasi ya kalenda ya zamani kama tulivyovika madaftari ya shule, na msimu wa mvua ukianza, kuanzia Novemba hivi, kitoke nyumbani kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Atakayetaka kuweka alama atumie kalamu ya risasi.

Usione haya kusema pia kwamba kitabu kimekushinda. "Nimeishia ukurasa wa 40 kwa sababu wahusika ni wengi na sikuweza kuwatofautisha" ni habari yenye faida, kwani kuna mwenzako ambaye wingi wa wahusika ndio unaomfurahisha.

Mwenzako naye anapokueleza anachokisoma, muulize kwanza amefika wapi, kabla ya kusema kwamba wewe ulikwisha kukisoma zamani. Kama ulikisoma, jizuie ukae nyuma yake: zungumzia kurasa alizozipita tu, hata akikuuliza kwa nguvu kitakachofuata. Na siku utakayomaliza chako, kipeleke siku hiyohiyo kwa yule aliyeandikwa kwenye daftari, wakati maneno bado ni mabichi kichwani mwako. Toa kadi yako katikati ya kurasa, uiache karatasi ya maneno ya mzee, na umwache aweke alama yake mwenyewe.