Kisu cha kiwandani kilichopandishwa bei: kipime hivi kabla hujatoa hela

Kamwene wakuu. Mimi nauza kitimoto hapa Mbeya, upande wa Uyole, kwa hiyo kisu kwangu ndo jembe, sio cha kumenyea nyanya tu. Sasa siku hizi vijana wananionyesha visu kwenye simu, kile kile kisu cha kiwandani ila kimewekewa mpini wa mpingo, bapa lina michoro ya mawimbi, na bei imeruka mara tatu mara nne, afu wananiuliza bro hivi vinalipa au tunapigwa? Mimi nasema mara nyingi unalipia nguo, kisu kilichovaa ni kile kile. Ila sio vyote, kuna oda ukilipia hutajuta, ngoja niwaeleze mimi napimaje.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa na kisu cha dukani cha mpini mweupe wa plastiki, nilikinunua 15,000, kinachuna vizuri tu sina ugomvi nacho. Nikaona jamaa mmoja ana chake kimebadilishwa mpini na kimechongwa upya, kimependeza balaa, roho ikaniuma. Nikampelekea fundi mmoja wa kuchomelea, simtaji, nikamwambia kaka nifanyie kama kile. Akatoa plastiki akaweka mninga na ribiti za shaba, kazi safi kabisa, afu akachukua grenda akaanza kulikondesha bapa. Nimesimama pale pale naangalia cheche. Kule kwenye ncha, kama urefu wa kidole hivi, chuma kikawa manjano, kikaja kahawia, kikaenda zambarau, mwisho kikatulia kwenye buluu kama shingo ya njiwa. Mimi nikajua nayo ni urembo! Nikalipa 40,000 nikaondoka nimefurahi. Jumamosi naanza kuchuna, nguruwe wa kwanza hajaisha kisu kimelala, nanoa, makali yanarudi, dakika kumi kimelala tena, na kinalala pale pale penye buluu tu, huku karibu na mpini kinakata kama zamani.

Kumbe ile rangi ni kipimajoto. Kisu kinapotengenezwa wanakipasha moto mkali, wanakipoza ghafla kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo, ndo wanakipasha tena kidogo, kwa chuma cha kawaida kama nyuzi 200 hivi, ili kipunguze ukavu. Ukikipitisha hapo ugumu unaanza kushuka, na buluu kwa chuma cha kawaida inakuja kwenye kama nyuzi 300. Kama ni stenlesi ndo mbaya zaidi, maana yenyewe inahitaji joto kubwa zaidi ya hilo mpaka ibadilike rangi, kwa hiyo ukiona imefika buluu ujue imeungua kweli kweli. Na hakuna jiwe la kurudisha hapo, labda uisage ile sehemu yote iliyoungua iishe mpaka ukute chuma kizima.

Kwa hiyo kama unataka kuboresha kisu chako hapa hapa mtaani, mpini badilisha utakavyo. Bapa mtu asiguse na grenda kama hana ndoo ya maji pembeni, na achovye kila baada ya sekunde chache, na alishike kwa mkono mtupu bila glovu. Akisema linamuunguza, basi asimame hapo hapo.

Twende kwenye hivi vya nje sasa, maana ndo vinauliziwa. Unachotakiwa kuuliza ni kimoja: kimebadilika nini kwenye sehemu inayokata? Chukua Opinel ya Wafaransa, kile cha kukunja chenye pete ya kufungia, kampuni ipo toka 1890, Namba 8 yake ina bapa la sentimita 8.5. Cha kawaida mpini wake ni mti wa kawaida tu wa kwao, afu kuna vya gharama vyenye mpini wa mzeituni, mwaloni, mpaka pembe. Ukilinganisha na kile cha kawaida cha stenlesi, kinachokata ni kile kile, kimeng'arishwa tu. Hapo umenunua mpini, na sio dhambi, kama unampa baba mkwe zawadi mimi mwenyewe ningechukua cha pembe. Ila usije ukasema kinakata zaidi.

Sasa Buck 110 ya Marekani, hii ipo toka 1964, ile ya kawaida chuma chake kinaitwa 420HC. Ukitaka ya kwako spesho unaweza kuipata kwa chuma kingine kinaitwa S30V, hapo angalau moyo wa kisu umebadilika, maana S30V ina kaboni kama asilimia 1.45 na vanadi (madini yanayochanganywa kwenye chuma) asilimia 4, makali yanakaa muda mrefu zaidi kweli. Hapo hela ina sababu. Lakini subiri kwanza, unanolea nini? Hiyo vanadi ikikutana na kaboni inazaa chembe ngumu kuliko jiwe la kawaida la dukani, utasugua mpaka bega liume na kisu kinakuangalia tu, itabidi ununue bati la almasi. Mtu yuko Makete au Tukuyu ndani ndani huko ananolea jiwe la mtoni, 420HC itamfaa kuliko S30V, na hela imebaki. Visu vya Victorinox vya Waswisi ugumu wake ni 55 hadi 56 kwenye kile kipimo cha HRC, sio namba ya kutisha hata kidogo, ila wachinjaji kibao wanavitumia kwa sababu ukipitisha kwenye kile kifimbo cha chuma mara tatu nne makali yamerudi na mteja hajamaliza hata kuhesabu chenji.

Ukikishika mkononi sasa. Mimi sihangaiki na kukata karatasi, karatasi hata wembe mbovu unakata. Chukua karoti nene, mbichi, ikate katikati. Kisu chembamba nyuma ya makali kinashuka kimya mpaka chini. Kisu kinene kinaingia kidogo afu karoti inapasuka yenyewe, "ka!", kipande kinaruka, na hapo hata kama kinanyoa ndevu ujue kazini kitakuchosha. Visu vingi vya oda vya bei mbaya vinafeli hapa, mtengenezaji kaacha bapa nene ili kionekane kizito cha maana. Baada ya hapo paka mafuta mkono mzima ushike mpini kwa nguvu kama unavuta ngozi. Ukiteleza kuelekea kwenye makali, rudisha, hata kama ni mpingo. Na kwa sisi wa bucha, mpini wa mbao uliopasuka unakunywa damu, bwana afya akipita sijui utamwambia nini.

Kuhusu sumaku watu wanadanganyana sana, eti ikishika basi sio stenlesi. Stenlesi za visu nyingi zinashika sumaku vizuri tu, kwa hiyo hiyo haikwambii chochote. Na ile michoro ya mawimbi, damaski, angalia mgongoni mwa kisu: kama michoro ipo ubavuni tu na mgongoni ni peupe, shtuka hapo, inawezekana imechorwa juu kwa leza. Ya kweli ni matabaka ya chuma, yanapita mpaka upande wa pili, ukisugua kwa msasa yatafifia lakini ukiyapaka asidi yanarudi. Yaliyochorwa yakifutika yamekwenda.

Oda niliyokuja kuipenda mimi haikutoka nje. Kuna mzee mmoja mhunzi, nje kidogo ya Iringa, barabara hii ya kwenda Isimila kule kwenye yale mashoka ya mawe ya watu wa kale (ambao walichuna wanyama bila mpini wa mpingo wala nini). Nilimpelekea kipande cha springi ya gari na karatasi nimechora: bapa jembamba, lipinde kwa juu, urefu wa kiganja na vidole viwili, maana mimi nachuna nguruwe na vya dukani vyote vinaninyima ile kona ya kwenye paja. Kwanza akakikagua kipande chote akitafuta nyufa, springi iliyochoka inaficha ufa ndani. Nikamuuliza, "Baba, unajuaje kimeiva?" Akanionyesha sumaku imefungwa kwenye waya. "Ikigoma kushika, nahesabu kidogo, nachovya." Akachovya kwenye oil, sio maji, maji yangekipasua. Afu akakiweka kwenye oveni ya kuokea mikate kwa masaa mawili, kikatoka rangi ya majani makavu. Mwisho akanipa tupa, akasema kwaruza makali mwenyewe. Tupa ikateleza kama juu ya chupa, yaani chuma kimekuwa kigumu. Ingeng'ata, ningekiacha pale pale, na nyie mkienda kwa mhunzi yeyote ombeni hiyo tupa kabla ya kutoa hela, mhunzi anayejiamini hakasiriki.

Nililipa 35,000, chini ya ile niliyolipia buluu. Sio kizuri, kina alama za nyundo, na kwa mvua zetu za Novemba mpaka Mei ukikisahau usiku mmoja asubuhi kina kutu, nakifuta nakipaka mafuta ya nguruwe kidogo, basi. Kama mkono wako ni mdogo, au unatumia kushoto, au kazi yako ina kona ambayo kiwanda hakijaifikiria, oda ya namna hii ndo ya kulipia. Kama kisu cha dukani kinakukaa vizuri mkononi, tia hiyo hela kwenye jiwe zuri la pande mbili.

Kile cha mninga na ribiti za shaba bado ninacho. Kwa nguruwe tusiyemchuna, tukishammwagia maji ya moto ndo nakwangulia manyoya, pale hapahitaji makali, na wateja wapya wakija ndo kisu pekee wanachouliza nilinunua wapi.