Kupata namba ya herufi ya Kiamhari, na kujua imeharibikia wapi

Wenye mikahawa ya Kihabeshi hapa Eastleigh wakitaka menyu, maneno ya Kiamhari huniletea kwa WhatsApp, kwa barua pepe, hata kwa picha. Jina la chakula likitoka vibaya kwenye karatasi, mteja wao analiona kabla hajavuta kiti. Kwa hiyo sibahatishi, nahesabu.

Unicode ni orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, na namba hiyo huandikwa ikitanguliwa na U+. Mwaka 1999, toleo lake la 3.0 liliupa mwandiko wa Ge'ez, ndio unaoandikia Kiamhari, eneo lake, kuanzia U+1200 hadi U+137F. Namba hizi ni za heksadesimali: baada ya 9 inakuja A, kisha B, mpaka F. Karibu kila konsonanti imepewa nafasi nane zinazofuatana. Saba za kwanza ni maumbo ya irabu, kwa mpangilio uleule ambao watoto wa Ethiopia wanaukariri shuleni. Ya nane, ikiwepo, mara nyingi hubeba sauti ya w. Ndiyo maana safu huanza kwenye namba inayoishia na 0 au 8: ሀ ni 1200, ለ ni 1208, መ ni 1218, ሰ ni 1230.

Chukua neno ሰላም (selam, yaani amani). Herufi ya kwanza ndiyo mwanzo wa safu yake, basi ni U+1230. Ya pili ni umbo la nne la ለ: toka 1208 ruka hatua tatu, unafika 120B. Ya tatu ni umbo la sita la መ: toka 1218 ruka hatua tano, 121D. Kwenye Word andika 1230 kisha bonyeza Alt na X, herufi inatokea. Kwenye ukurasa wa tovuti andika ሰ na inatosha.

Hapa kuna mtego. ሰ na ሠ katika Kiamhari cha leo hutamkwa sawa, lakini moja ni 1230 na nyingine 1220. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa, na ukitafuta moja hutaipata nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa ሀ, ሐ na ኀ. Usiandike kwa kusikia tu. Nakili alichokuandikia mwenye lugha, kama kilivyo.

Faili likihifadhiwa kwa UTF-8, yaani njia ya kuandika namba za Unicode kwa baiti (vipande vya biti nane), kila herufi ya eneo hili huwa baiti tatu. Andika 1230 kwa biti, yaani kwa 0 na 1 tu, 0001001000110000, uigawe 0001, 001000, 110000. Tanguliza 1110 kwenye kipande cha kwanza na 10 kwenye viwili vilivyobaki. Unapata E1 88 B0.

Baiti hizo zizoee kwa macho, kwani ndizo zinazokuonyesha ugonjwa. Ukiona áˆ° mahali pa ሰ, baiti ni nzima ila programu imezisoma kama Windows-1252, mfumo wa zamani wa herufi za Kilatini: fungua faili upya ukichagua UTF-8, na usihifadhi chochote kabla ya hapo. Ukiona visanduku vitupu, kwa kawaida namba ni sahihi na kinachokosekana ni fonti. Weka Noto Sans Ethiopic au Abyssinica SIL, na ukitoa PDF hakikisha fonti imo ndani yake. Lakini ukiona ??? na faili limeshahifadhiwa hivyo, herufi zimepotea. Hakuna dawa ya kuzirudisha, mwombe mteja atume tena.

Mwisho kagua alama. Wengi huandika nukta pacha mbili (::) kumalizia sentensi kwa sababu kibodi zao hazina alama yenyewe. Mimi hubadilisha zote kuwa ።, yaani U+1362. Bei ziache kwa tarakimu za kawaida, kwa sababu namba za Ge'ez hazina sifuri, na wateja wenyewe hulipa kwa tarakimu hizi za kila siku.