Jinsi ya kuchagua kioo cha mlango wa mbele wa faiba, na kwa nini ukichague usiku

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mama mmoja Mkongomani hapa Columbus, Ohio. Amenunua nyumba yake ya kwanza, mlango wa mbele umeoza kwenye kizingiti, na duka limempa katalogi yenye kurasa chungu nzima za vioo. Akaniambia, "Fundi, mlango nimeshauchagua. Vioo ndivyo vinavyonichanganya kichwa." Nikaenda, tukakaa mezani kwake masaa matatu, chai ikapoa. Maswali aliyoniuliza ndiyo ninayoulizwa na Waswahili wenzangu karibu kila mwezi tangu nianze kufunga milango, kwa hiyo nayaweka hapa yote mahali pamoja.

Kwanza ujue unachonunua. Mlango wa faiba ni ngozi mbili za faiba (nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa plastiki) na katikati yake povu gumu la poliyurethani. Therma-Tru, kampuni iliyoanzia hapa hapa Ohio, ndiyo iliyotoa wa kwanza mwaka 1983. Haupindi kama mbao, wala haubonyei kama wa chuma, na mimi siweki kitu kingine kwenye nyumba ya mtu ninayemjali. Ila kumbuka: povu lile ndilo blanketi la nyumba yako. Kila kioo unachoongeza kimekata tundu kwenye blanketi hilo.

Hatua ya 1: Ukubwa

Mchana, funga mlango ulio nao, zima taa, simama ndani. Kama korido ina giza, unahitaji kioo kikubwa. Kama kuna dirisha karibu, vioo vidogo vya juu vinatosha. Kwenye mlango wa kawaida wa inchi 36 kwa 80 utakutana sana na kioo cha urefu mzima, inchi 22 kwa 64. Cha robo tatu, 22 kwa 48. Cha nusu, 22 kwa 36. Na vile vidogo vilivyopangwa usawa wa uso. Napendelea robo tatu au vidogo vya juu. Kioo cha urefu mzima kinapendeza dukani, lakini nyumba yenye watoto na viatu vya theluji inakichosha upesi sehemu ya chini.

Kama una nafasi ya kioo cha pembeni kimoja tu, yaani kile kirefu kinachosimama kando ya mlango, kiweke upande wa bawaba, si upande wa kitasa. Sababu iko hatua ya 3.

Hatua ya 2: Sitara, yaani usiku

Hapa usiharakishe. Hatua hii ilinigharimu kioo kizima nyumbani kwangu mwenyewe.

Nilikichagua dukani saa tano asubuhi. Kilikuwa kioo cha mvua, kile chenye michirizi kama maji yanayoteremka dirishani. Muuzaji alisimama nyuma yake, nikaona kivuli tu, nikaridhika, nikalipa. Mwezi wa kumi na mbili nikawa narudi kazini saa kumi na moja na nusu jioni, na huku wakati huo ni giza tayari. Nikiwa bado barabarani nikamwona mama mkwe wangu akishuka ngazi. Sikuona kivuli. Nilimtambua yeye, nikaona na rangi za kanga aliyojifunga. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini naye akaja kuliona lile jambo kwa macho yake, na tangu siku hiyo hakushuka tena ngazi zile bila baibui, ndani ya nyumba ya mwanawe. Tulitundika pazia zito juu ya kioo nilichokilipia ili kilete mwanga, na baadaye nikaagiza kingine.

Kinachotokea ni hiki. Mchana nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, kwa hiyo wa nje haoni kitu. Usiku mambo yanageuka: taa zako zinawaka, nje ni giza, na mlango unakuwa kama skrini ya televisheni kwa kila apitaye. Muuzaji anakuonyesha kioo mchana, chini ya taa zinazowaka pande zote mbili. Hali hiyo haipo nyumbani kwako saa yoyote.

Kwetu pwani hili lilifikiriwa zamani. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, kibaraza cha mlangoni, na ukishaingia unakata kona kabla hujaiona nyumba yenyewe. Mpita njia hata mlango ukiwa wazi anaona ukuta. Nyumba nyingi za huku ni kinyume: unafungua mlango na ngazi za vyumba vya kulala ziko mbele yako, zimenyooka. Kama yako iko hivyo, chukulia kwamba kila anayetoka kuoga atapita mbele ya kioo hicho.

Jinsi ya kupima:

Omba vipande vya sampuli dukani. Wengi wanavyo, na wengine watakutaka uache amana. Chukua aina tatu au nne, usichukue moja. Nenda navyo nyumbani, subiri saa mbili usiku.

Washa taa za ndani kama mnavyoziwasha siku zote, zima taa ya barazani. Fungua mlango, mtu mmoja ashike kipande usawa wa macho yako, mwingine apite ndani akiwa amevaa kitu cha rangi kali. Aanze karibu kabisa na kioo, arudi nyuma hatua mbili, kisha apande ngazi. Wewe tazama ukiwa mlangoni, kisha kwenye njia ya kuingilia, na mwisho karibu na barabara kadiri mwenzako anavyoweza kukisogeza kipande na wewe ukaendelea kuona kupitia kwake. Halafu geuzeni: zima ndani, washa nje, na uone kama wewe uliye ndani unaweza kumtambua anayebisha hodi.

Mambo ya kuangalia wakati wa kupima:

Kioo chenye michirizi au mawimbi huficha kilicho mbali nacho na huonyesha kilichokigusa. Mkono ukiwekwa juu yake utaona vidole vyote. Kwa hiyo kioo kilekile kinaweza kufaa nyumba yenye korido ndefu na kisifae nyumba ambayo kochi liko hatua moja kutoka mlangoni.

Kioo cha ukungu, kile kilicholainishwa uso mzima kikawa kama maziwa yaliyochanganywa na maji, huficha vizuri zaidi na bado hupitisha mwanga. Ndicho nilichonacho sasa. Hasara yake ni kwamba na wewe huoni nje, hivyo weka tundu la kuchungulia au kamera ya kengele. Usiache mzee afungue mlango kwa kubahatisha.

Baadhi ya watengenezaji huweka namba ya sitara kwenye katalogi, 1 hadi 10, na 10 ndiyo inayoficha zaidi. Ni mwanzo mzuri, lakini isikutoshe. Kioo cha mapambo kilichounganishwa kwa vipande vingi kinaweza kupewa namba ya juu huku baadhi ya vipande vyake, hasa vile vilivyochongwa kingo, viko wazi kabisa. Mtu akisogeza jicho kwenye kipande kimoja cha namna hiyo anaiona sebule yote. Mama yule alikuwa amekipenda kimoja chenye ua katikati. Nilipomwekea kidole kwenye vile vipande vya wazi, akafunga ukurasa mwenyewe.

Sampuli ya duka mara nyingi ni tabaka moja, wakati kioo utakacholetewa ni tabaka mbili au tatu. Rangi itakuwa nzito kidogo kuliko ulivyoiona, lakini usitegemee uzito huo ukusaidie kuficha.

Na kuhusu kununua kioo cha wazi ukabandike karatasi ya ukungu baadaye: watu wengi hufanya hivyo, mimi sikushauri. Karatasi nyingine hufanya kioo kishike joto la jua kupita kiasi, na ukibandika unaweza kupoteza waranti. Kama umeshanunua, soma waranti kabla ya kubandika.

Mapazia yale madogo yaliyofungiwa katikati ya vioo viwili nayo siyaweki mlango wa mbele. Mlango huu unabamizwa kila siku. Kitelezi kikikatika hutengenezi pazia, unanunua kioo kizima.

Hatua ya 3: Mwizi na ajali

Haya ni mambo mawili, na watu huyachanganya.

Ajali sheria imeishughulikia. Tangu 1977 kanuni ya shirikisho ya Marekani inataka vioo vya milango viwe vya usalama, na kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi zinataka vivyo hivyo kwa kioo cha pembeni kilicho ndani ya inchi 24 kutoka ukingo wa mlango, ikiwa ukingo wake wa chini haufiki inchi 60 kutoka sakafuni. Kinachotumika zaidi ni kioo cha tempa, kilichochomwa kikapozwa ghafla. Ni kama kioo cha ubavuni cha gari: kikivunjika kinakuwa punje, hakikati mtu koo. Tafuta alama yake ndogo iliyochorwa pembeni. Usikubali kioo kisicho na alama, hasa cha mtumba.

Lakini punje zile zinaanguka zote, na mkono unapita. Mlango wa inchi 36 wenye kioo cha inchi 22 katikati unabakiza inchi 7 tu kila upande, na kitasa kiko humo. Ndiyo maana nikasema kioo cha pembeni kisikae upande wa kitasa. Kama mtaa unakutia wasiwasi, ongeza pesa uchukue kioo cha lamineti, ambacho ni kama kioo cha mbele cha gari: tabaka mbili na plastiki katikati, kikipigwa kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana. Ndugu walioko Miami wanajua habari hii. Baada ya kimbunga Andrew cha 1992 kanuni za kule zilikazwa, na milango mipya ya kule lazima ihimili vitu vinavyorushwa na upepo, au ikingwe navyo.

Jambo moja tafadhali usilifanye: kufunga kitasa kinachohitaji ufunguo kwa ndani ili mwizi akivunja kioo asiweze kufungua. Moto ukiwaka usiku na ufunguo hauonekani, familia imefungiwa. Nimekiondoa kitasa cha namna hiyo kwenye nyumba yenye watoto watano.

Hatua ya 4: Baridi na jua

Soma lebo ya NFRC, shirika linalopima madirisha na milango. U-Factor ni jinsi joto linavyopita kwenye mlango: namba ndogo ndiyo bora. Kupata ENERGY STAR, alama ya serikali ya Marekani kwa bidhaa zinazookoa nishati, mlango usio na kioo hautakiwi kuzidi 0.17, wenye kioo huruhusiwa zaidi, na hapo unaona kioo kinavyokugharimu. SHGC ni joto la jua linaloingia: kwa Texas au Arizona chukua ndogo, kwa huku kwetu si neno kubwa.

Chukua tabaka mbili kwa uchache, zenye utando wa Low-E, ule mwembamba unaozuia joto lisipite, na gesi ya agoni katikati ya tabaka kama tofauti ya bei ni ndogo.

Hatua ya 5: Fremu ya kioo na mlango wa pili wa nje

Angalia kinachokishika kioo. Kuna fremu ya plastiki iliyofungwa kwa skrubu, na kuna kioo kilichozamishwa kwenye mlango kiwandani bila fremu kuchomoza. Cha pili kinapendeza zaidi. Cha kwanza kina faida moja kubwa: vifuniko vidogo upande wa ndani vinaficha skrubu, ukizifungua unabadilisha kioo bila kugusa mlango. Mama yule nilimshauri hicho.

Sasa, kama mlango unatazama magharibi au kusini, unataka kuupaka rangi nyeusi, na nje yake kuna mlango wa dhoruba wa kioo kitupu, simama hapo hapo. Joto linanaswa katikati ya milango miwili na kuchemka. Nimeona fremu za plastiki zimejipinda kama nta mpaka kioo kikacheza. Chagua viwili kati ya vitatu: jua, rangi nyeusi, mlango wa dhoruba. Mlango wa faiba uliofungwa vizuri hauhitaji wa pili, na mimi ningeuondoa.

Hatua ya 6: Urembo

Kwenye kioo cha mapambo, nyaya zinazounganisha vipande zifanane rangi na kitasa. Basi. Kama mtaa una HOA, yaani chama cha wenye nyumba, peleka picha wapitishe kabla hujalipa.

Hatua ya 7: Kuagiza na kupokea

Kama unabadilisha kioo tu, fomu ina vipimo vitatu, cha kioo, cha tundu na cha fremu, na havilingani. Andika kila kimoja mahali pake, na upime pia unene wa kioo.

Kikifika, kiangalie kabla ya kusaini: alama ya usalama, mikwaruzo pande zote mbili, na ukungu katikati ya tabaka. Ukungu upande wa ndani wakati wa baridi, mnapopika, ni mvuke wa nyumba tu. Ukungu ulio katikati, usioweza kuufuta kwa kitambaa, maana yake muhuri umeachia. Hapo unabadilisha kioo, na asikudanganye mtu kwamba lazima ununue mlango mpya.

Kabla hujabandua lebo, ipige picha. Kisha tazama ule ukanda mwembamba ulio katikati ya tabaka, pembeni kabisa. Mara nyingi umechapwa jina la mtengenezaji na tarehe. Upige picha nao, ukiumulika kwa tochi kutoka ubavuni ili maandishi yasomeke. Ukija kudai waranti, hayo ndiyo watakayokuuliza kwanza.