SOMO: Kwenda Svalbard, visiwa vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, kati ya Machi na Mei (soma lote kabla ya kuuliza)

Ujumbe ni uleule kila wiki: "Mkuu, nataka kwenda Svalbard, naanzia wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Anzieni hapa.

1. Chagua mwezi. Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, hulipokea jua tarehe 8 Machi baada ya miezi ya giza. Machi nyuzi 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, ila usiku bado upo. Aprili theluji ni imara na mchana mrefu. Kuanzia takriban tarehe 20 jua halizami kabisa. Mwishoni mwa Mei theluji inakuwa uji na pikipiki za theluji zinaegeshwa. Mimi nachagua nusu ya kwanza ya Aprili.

2. Ndege. Unapitia Oslo au Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei. Kutoka Oslo ni kama saa tatu.

3. VIZA. Hapa ndipo nilipochemka, kwa hiyo soma polepole. Svalbard ni ya Norwei lakini haimo ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Yenyewe haikudai viza. Tatizo ni njia: unapofika Oslo umeingia Schengen, unaporuka kwenda Longyearbyen umetoka, na unaporudi Oslo unaingia MARA YA PILI. Viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha kazi ukiwa kule juu, na ndege za kurudi zinapitia Norwei hiyohiyo. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi, na kwenye maombi eleza wazi kwamba Svalbard imo kwenye ratiba, uambatanishe tiketi za vipande vyote. Ukikabidhiwa pasipoti, angalia stika papo hapo: sehemu ya idadi ya kuingia isomeke 02 au MULT. Ikisomeka 01, rudi dirishani kabla hujaondoka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Siku 15 ndiyo mwisho, na kusubiri mpaka hapo ni kujitafutia presha.

4. Bima. Ya Schengen ya euro 30,000 inatosha kwa viza, haitoshi kwa safari. Soma kama Svalbard imetajwa, na kama inalipia utafutaji na uokoaji. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo; mgonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege.

5. Nguo. Ya ndani sufu, ya kati sufu nzito au flisi, ya juu isiyopitisha upepo. Pamba acha nyumbani: inanyonya jasho, haikauki, inakugandisha. Buti ziwe na nafasi ya soksi mbili; zikibana damu haifiki vidoleni. Na usidanganywe na kipimajoto. Nyuzi 15 chini ya sifuri, juu ya pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ngozi inazihisi kama 27 chini.

6. Dubu weupe. Usivuke vibao vya kutahadharisha dubu vilivyo pembezoni mwa mji bila mwongozaji mwenye silaha. Tangu 1 Januari 2025 sheria inakutaka ukae mita 300 mbali na dubu, na kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500. Anayekuahidi picha ya karibu anakuuzia kosa la jinai.

7. Lipia matembezi mapema. Wiki ya Pasaka hujaa.

MASWALI

Kipepeo: Asante kwa somo. Mwezi wa tano nitaona mwanga wa kaskazini?
— Rudi namba 1. Jua halizami. Utauona wapi?

Mzee Kobe: Nina viza ya mara moja tayari, wakinionea huruma je?
— Mzee wangu, afisa wa mpaka anasoma stika. Omba nyingine.

Mzee Kobe: Ukali wa nini, nimeuliza tu.
— Samahani mzee. Nenda ulikoombea ukiwa na tiketi zote, uwaeleze mapema.

Binti Lenzi: Kamera hufa kwenye baridi kweli?
— Swali zuri, dada. Betri hupoteza nguvu. Beba mbili za akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Hatari kubwa zaidi ni kurudi ndani: hewa ya joto inageuka maji juu ya lenzi. Ukiwa bado nje, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kisha iache humo mpaka ipate joto la chumba. Toa kadi ya picha kwanza, usije ukafungua kwa pupa.

Msafiri77: Baridi ikitoa doa jeupe shavuni, tusugue na theluji?
— Hapana! Kusugua kunaumiza ngozi zaidi. Funika kwa kiganja chenye joto, ingia ndani, mwambie mwongozaji.

Ustadh: Na sala, jua lisipozama?
— Wanazuoni wametofautiana: wapo wanaofuata nyakati za Makka, wapo wanaofuata mji wa karibu wenye usiku na mchana. Muulize shehe wako kabla ya safari. Beba na kitambaa cha kufunika macho, bila hicho hulali.

Kipepeo: Soksi zenye matobo zinafaa?
— Zishone. Hoteli nyingi kule viatu vinaachwa mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za vumbi la makaa ya mawe la wachimba migodi.