Kupima kazi ya kubeba mizigo ghalani kwa tepu na kikokotoo

Mwenye ghala akisikia vijana wake wanaumwa mgongo, hukimbilia kununua mikanda ya kiuno. Abaki na pesa yake. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, haipendekezi mikanda hiyo kwa mtu asiye na jeraha. Fomula yao ya kunyanyua, iliyorekebishwa 1991, ndiyo yenye faida.

Hatua ya 1: Tazama. Kaa pembeni kazi iendelee. Ukimwomba kuli akuonyeshe anavyobeba, atabeba kwa adabu ambayo kesho hutaiona.

Hatua ya 2: Pima pale mzigo unapoanza kunyanyuka:
- uzito, kwa kilo
- umbali: katikati ya vifundo vya miguu hadi katikati ya viganja (wengi hupima kutoka tumboni, wanaharibu hesabu yote)
- kimo cha viganja kutoka sakafuni
- mpando: sentimita ambazo mzigo unapandishwa

Hatua ya 3: Kokotoa. Anza na kilo 23, kikomo cha hali nzuri kabisa. Zidisha kwa:
- 25 ÷ umbali
- 1 − 0.003 × tofauti ya kimo na 75
- 0.82 + 4.5 ÷ mpando

Jibu lolote likizidi 1, andika 1.

Chukua katoni ya kilo 20 iliyo chini kabisa kwenye paleti. Viganja viko sentimita 15, umbali 50, inapelekwa kwenye meza ya 90. 23 × 0.5 × 0.82 × 0.88 = kilo 8.3. Katoni inazidi kikomo mara 2.4, na bado hujahesabu mshiko mbaya, kujipinda na kasi ya kurudia, ambavyo vina vizidisho vyake na hushusha zaidi.

Hatua ya 4: Rekebisha. Kwa nini umbali ni 50? Mara nyingi paleti imesukumwa ukutani, kuli anafikia upande mmoja tu. Ivute katikati azunguke: umbali ukishuka hadi 30, kikomo kinapanda hadi 13.8. Kuinua paleti peke yake, viganja vifike 75, kungekupa 11.5. Fanya yote mawili upate 19.2, kwa katoni ileile.

Gunia la kilo 50 usilihangaikie kwa fomula. Tafuta troli.